Ustadhi wa Kaisho na Watoto wa Walioachana

Pale Kaisho jina lake halikuwa na kazi. Tulimwita Ustadhi. Walikuwapo maustadhi wengine, lakini ukisema Ustadhi bila kuongeza neno kila mtu alijua unamsema yupi: yule mfupi wa pikipiki nyekundu, anayefundisha madrasa nyuma ya msikiti, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitembea taratibu. Alikwenda kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Duka langu la vitenge linatazamana na njia ya msikitini, kwa hiyo nilimwona akipita kila siku kwa miaka mingi, na hata sasa nikianza kumsimulia siwezi kukaa kitini. Wanangu hunicheka. Wanasema nikimtaja Ustadhi ninakuwa kama ninatangaza mpira.

Na mpira wenyewe aliupenda kupita kiasi. Alikuwa na redio ndogo aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye usukani wa pikipiki, na timu yake ikikaribia goli alisimama popote alipo, akazima injini ili asikie vizuri. Madereva wa malori ya kahawa walimzoea. Walipunguza mwendo, wakamwuliza matokeo, wakaendelea na safari.

Asubuhi moja ya msimu wa senene, mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri, senene, panzi tunaowala huku kwetu, wakashuka kwa wingi hadi majani ya migomba yakainama. Watoto walikuwa madrasa wanasoma kwa sauti, macho yote dirishani. Ustadhi akagonga ubao, akawaambia elimu haimsubiri mdudu. Kisha mwenyewe akachungulia nje. Nilikuwa nafungua duka, nikamwona anatoka mlangoni amekunja kanzu hadi magotini, kofia mkononi, darasa zima nyuma yake wakipiga kelele za furaha. Kofia ilijaa, akahamia kwenye mifuko. Mkewe, binadamu pekee ambaye Ustadhi alimwogopa, alipokuja kuuliza madrasa imeishaje mapema vile, alimjibu kwamba leo wanafunzi wanasoma somo la neema.

Alipenda pia mubisi, maji ya ndizi mbivu yanayokamuliwa huku kwetu. Lakini mubisi ukilala huanza kuchacha na kuwa pombe, na hilo lilimpa shida kubwa maishani. Kila nyumba aliyokaribishwa aliuliza kwanza umekamuliwa lini, akaunusa, akamtazama mwenye nyumba usoni, akaunusa tena. Majirani zetu Wakatoliki na Walutheri walimtania sana kwa hilo. Hata hivyo, wakijua anapita, walimwekea chombo chake peke yake, kilichokamuliwa asubuhi ile ile.

Alihubiri subira karibu kila Ijumaa, na yeye hakuwa nayo hata ya kungoja chai ipoe. Aliungua ulimi, akailaumu chai. Alikuwa mkali kwa mtoto anayekosea herufi, na mtoto huyo huyo akiumwa, Ustadhi ndiye aliyembeba hadi zahanati.

Lakini kilichomfanya ajulikane Kyerwa nzima na hadi Kayanga ni watoto wa walioachana. Hapo hakuwa na mzaha. Alisema, na alirudia kusema msikitini, sokoni, hata msibani: “Talaka ni ya mke. Mtoto haachiki.” Wanaume wengine wakimwona anakuja walizunguka nyuma ya machinjio. Yeye aliijua njia hiyo pia.

Mimi nilimjua kwa upande huo kwa sababu ya Idi.

Idi alikuwa mume wangu. Alinunua kahawa vijijini na kuipeleka mashineni kukobolewa. Tuliishi vizuri, kisha vibaya, kisha akaniacha. Nikabaki Kaisho na watoto wawili: Shamimu aliyekuwa darasa la pili, na Yusufu aliyekuwa bado ananyonya. Idi akahamia Rugera, upande wa Karagwe, akaoa huko. Mwanzoni alituma matumizi, baadaye akatuma kidogo, baadaye akatuma salamu, na mwisho hata salamu zikakoma. Nilinyamaza. Watu waliniambia nijikaze, mwanamke mwenye duka hapigi kelele. Nikajikaza mpaka nikaanza kula mtaji. Rafu zikabaki na nafasi, na maziwa ya kifuani nayo yakapungua, kwa sababu chakula changu nilimwachia Shamimu.

Siku moja mchana Ustadhi akaingia dukani ameshika kiatu kimoja cha mtoto. Kilikuwa cha Shamimu. Alikuwa amemwona anatembea huku amekanyaga nyuma ya kiatu kwa sababu kisigino hakiingii tena.

Hakunisalimia kwa kirefu kama kawaida yake. Aliniuliza kama baba wa watoto hawa yu hai. Nikamwambia yu hai, yuko Rugera.

“Basi huyu si yatima,” akasema. “Kwa nini amevaa kama yatima?”

Nilichukia. Nilidhani ananilaumu, nikamwambia nina duka, nitamnunulia viatu vingine mwisho wa mwezi. Akavuta kigoda, akakaa, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra.

“Duka ni lako, mwanangu. Ukimpa mtoto ni wema wako, na utalipwa na Mungu. Lakini wajibu ni wa baba yake, hata wewe ungekuwa tajiri kuliko yeye. Usimsaidie kusahau.”

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Wote waliniambia nijikaze. Nilijisikia kama mtu aliyebeba gunia safari nzima, halafu akaambiwa gunia hilo lina mwenyewe.

Tulikwenda Rugera wiki hiyo hiyo. Ustadhi alitangulia na pikipiki yake, mimi na mkewe tukafuata kwa bodaboda tukiwa tumembana Yusufu katikati. Njia nzima mkewe alimsema mumewe kwa mwendo wake, maana tulipofika Omurushaka alikuwa ameshakunywa chai na kuungua ulimi. Mimi nilikuwa na hofu, lakini ilikuwa hofu yenye raha ndani yake. Upepo ulinipiga usoni, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikuwa ninakwenda mahali badala ya kungoja.

Tulimkuta Idi uani ameanika kahawa kwenye mikeka. Ustadhi alimsalimia kwa Kinyambo, akauliza habari za mvua, za mifugo, za wazee. Akaketi pembeni ya mkeka. Halafu akatoa kile kiatu kwenye mfuko wa kanzu, akakiweka juu ya kahawa.

Idi alikitazama. Akasema mama wa mtoto ana duka.

“Duka ni la mama yake,” Ustadhi akasema. “Mguu ni wa mwanao.”

Idi akaeleza kwamba kahawa haijauzwa, bei haijatulia, hana kitu. Alieleza kwa kirefu, na ninakiri hakuwa akidanganya. Ustadhi alimwacha amalize, kisha akanyanyuka, akazunguka nyuma ya nyumba. Tukamsikia anaita kutoka huko, anauliza migomba hii ni ya nani. Idi akasema ni yake. Na maharage haya je? Yake. Na ng'ombe anayelia hapa? Wake pia.

Ustadhi akarudi anajifuta majani ya migomba mabegani. “Basi usiniambie huna. Niambie huna noti.”

Akamweleza kwa upole ambao sikuutarajia. Mwenye wasaa hutoa kwa wasaa wake, na aliyebanwa hutoa katika kile alichonacho. Hakuna anayemtaka Idi atoe asichonacho. Mwaka wa kahawa nzuri atoe kwa wingi, mwaka mbaya atoe ndizi na maharage, lakini usipite mwaka hajatoa chochote. Viatu, sare, zahanati, vyote vimo. Kisha akanielekezea mimi kidevu, nikiwa nimempakata Yusufu. Akasema anayemnyonyesha mtoto hanyonyeshi upepo. Maadamu ananyonyesha mwana wa Idi, chakula chake nacho kiko juu ya Idi.

Aliyejibu alikuwa mke mpya wa Idi, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Akasema, “Ustadhi, mimi namwuliza kila siku, wale wanao Kaisho wanakula nini. Nami niko karibu kujifungua. Nataka nijue yatakayompata wangu.” Akachukua panga, akaenda shambani mwenyewe, akarudi na mkungu ambao ilibidi asaidiwe kuubeba.

Idi akainama, akaokota kile kiatu, akakipima kwa kiganja chake. Akauliza Shamimu sasa anavaa namba gani.

Tangu hapo kila siku ya gulio bodaboda ilitoka Rugera. Ile ya kwanza siisahau. Mkungu ulikuwa mkubwa hadi dereva alionekana kofia tu, na nyuma yake kulikuwa na mfuko wa maharage, dumu la maziwa na boksi la viatu. Shamimu alitoka mbio peku, anapiga kelele kwa soko zima kwamba baba ameleta. Wachuuzi wakasimama. Mama mmoja muuza nyanya akaanza kucheza. Mimi nilishika mlango wa duka nikacheka hadi nikakaa chini.

Nilidhani Ustadhi amemaliza kazi yake na mimi. Wapi. Juma lililofuata alikuja kuniambia kwamba likizo Shamimu aende Rugera, na kwamba nisimseme Idi vibaya mbele ya watoto, hata anapostahili. Nikawaka. Nilimkumbusha ni nani aliyebaki na homa za usiku na nani aliyekwenda kuoa. Nikamwuliza yeye yuko upande wa nani.

Akamnyooshea kidole Yusufu aliyekuwa anatambaa kati ya vitenge. “Wa huyu ambaye bado hajui kusema.”

Sikumsemesha kwa wiki kadhaa. Alipita, akainua mkono, nikageukia rafu. Siku ya likizo ilipofika, Shamimu alikuwa amefunga mfuko wake tangu alfajiri, amekaa juu yake. Nikamwacha aende. Alirudi amenenepa, anajua kuchambua kahawa, na ana hadithi zisizokwisha za mtoto mchanga wa Rugera ambaye ni mdogo wake. Nilizisikiliza kwa meno yaliyokazana, baadaye kwa meno yaliyolegea, na baadaye nikaanza kuuliza mwenyewe.

Wapo ambao Ustadhi hakufanikiwa nao. Wapo waliomfukuza na wapo waliokubali mbele ya wazee wakakana walipofika nyumbani. Kwa hao alimwambia mama wa mtoto aende ustawi wa jamii, na ikibidi mahakamani. Wazee wengine walinung'unika kwamba anapeleka mambo ya waumini nje. Aliwajibu kwamba tumbo la mtoto halijui nje na ndani, akaenda kutoa ushahidi.

Kisha likaja la mwanawe mwenyewe.

Ustadhi alikuwa na kijana aliyefanya biashara ya mbao Nkwenda. Kijana huyo alikuwa ameoa binti wa Kiruruma, kutoka familia ya wakulima Walutheri, naye binti akasilimu kwa hiari yake. Wakapata mtoto wa kike. Halafu wakaachana, na binti akarudi kwa baba yake na mtoto mgongoni. Mwana akamwambia Ustadhi kwamba anawatunza. Ustadhi akaamini, maana alikuwa akiamini kirahisi sana watu aliowapenda.

Ukweli aliuleta yule binti mwenyewe. Alikuja Kaisho siku ya Ijumaa, akasimama nje ya msikiti watu wanapotoka, akamwamkia mkwewe shikamoo mbele ya wote. Hakulia wala hakupaza sauti. Alisema mtoto alilazwa na hakuna aliyekuja, na kwamba amesikia Ustadhi huwasemea wengine, basi amekuja ajue kama naye amo.

Nilikuwa mlangoni kwangu. Nilimwona Ustadhi anasimama wima kabisa, tuli, na hilo lilinitisha kuliko lolote. Soko lote lilikuwa linamtazama. Wale waliokuwa wakizunguka nyuma ya machinjio walisogea mbele.

Akasema, “Umo, binti yangu. Wewe ndiye wa kwanza.”

Kesho yake tulikuwa njiani kwenda Kiruruma, msafara ule ule, ila safari hii mkewe hakusema neno. Baba wa binti, mzee mrefu mwenye koti la kanisani, alitupokea uani na hakutukaribisha ndani. Akamwambia Ustadhi kwamba alipomtoa binti yake aliahidiwa kuwa dini yao inamjali mtoto.

Ustadhi hakumtetea mwanawe kwa neno hata moja. Alisema hakuja kuomba radhi kwa niaba ya mtu mzima; huyo atakuja mwenyewe. Amekuja kwa sababu baba asipotimiza, babu hana pa kujificha. Na alipomaliza kusema hivyo, gari dogo la mizigo likaingia uani, na ndani yake alikuwamo ng'ombe wa Ustadhi. Tulikuwa tunamfahamu sote ng'ombe huyo, mwenye pembe ndefu, anayekamuliwa maziwa mengi kuliko wote mtaani. Mkewe alikuwa akimsugua mgongo kila asubuhi. Sasa nikaelewa kimya chake cha njiani. Yeye ndiye aliyesema apelekwe huyo na si mwingine.

Mtoto akatoka ndani kumtazama ng'ombe. Alikuwa mdogo, bado ana bandeji mkononi walipomchoma sindano ya dripu. Akakimbilia pembe bila woga. Yule mzee wa Kiruruma akavua koti lake, akaenda kushika kamba. Baadaye tulikaribishwa ndani, tukala ndizi na maharage, na wazee wawili wakabishana mpira mpaka jioni.

Ijumaa iliyofuata mwana aliitwa mbele ya wazee wa msikiti. Ustadhi alikataa kukaa kwenye baraza. Alimwomba imamu akae mahali pake, yeye akaketi upande wa binti, kama shahidi. Mimi na wanawake wengine tulikuwa nyuma ya pazia, tumebanana.

Mwana alikuja amekasirika. Akasema, “Baba, unaniaibisha mbele ya watu.”

“Aibu umeitengeneza Nkwenda,” Ustadhi akajibu. “Mimi nimeita mashahidi tu.”

Sauti yake ilikatika mwishoni. Mwana aliisikia, sote tuliisikia. Akakaa chini, akaanza kujibu maswali ya imamu kama mtu mzima, bila ubishi. Alikubali chakula, matibabu na shule. Alikubali pia kwenda Kiruruma kwa miguu yake. Alikwenda. Zaidi ya mwaka mzima alimtunza mtoto na hakumsemesha baba yake, na Ustadhi alikuwa akiniambia dukani kwamba kwa mpangilio huo yeye hana malalamiko. Alisema hivyo huku akitazama barabara ya Nkwenda. Walipatana siku mwana alipokuja mwenyewe, na mtoto begani, kumwuliza Ustadhi kama madrasa inapokea wa umri huo.

Mwisho nilimwona Ustadhi mwaka huu, kwenye nikaha ya Shamimu.

Madrasa ameshawaachia vijana, pikipiki hapandi tena, magoti yamegoma. Alikuja kwa gari la mwanawe. Alitaka kushuka kabla gari halijasimama. Nyumba yangu ilikuwa imejaa: watu wa Rugera, watu wa Kaisho, Yusufu mrefu kuliko wote akigawa viti. Idi alikaa mbele akiwa walii, mwenye kumwoza binti yake, amevaa kanzu mpya. Mke wake alikuwa na mimi jikoni, tumegawana vyungu. Bwana harusi ni mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole kutoka Kayanga, na mashangazi zake walikuwa wengi.

Ustadhi ndiye aliyeombwa afungishe. Alitoa hotuba fupi, watu wakatabasamu. Idi akanyoosha mkono kumshika bwana harusi. Hapo Ustadhi akaweka mkono wake juu ya mikono yao, akaizuia.

Akamwuliza kijana, kwa sauti iliyofika hadi kwetu dirishani: “Mungu apishe mbali. Lakini mkiachana, mtoto wako utamlisha nini?”

Shangazi mmoja akaguna kwamba hayo si maneno ya harusini. Watu wakaangaliana. Idi alikuwa ameinamisha kichwa. Shamimu, aliyekuwa amekaa kitandani chumba cha pili na hina mikononi, akasimama na kuja dirishani kwetu na vazi lake lote.

Yule kijana hakumtazama mtu mwingine.

“Ninachokula mimi,” akasema. “Na siku kikiwa kidogo, atangulie yeye.”

Ustadhi alimwangalia kwa muda ambao kwake ulikuwa mrefu sana. Kisha akaondoa mkono wake, akamgeukia Idi.

“Haya, baba wa binti,” akasema. “Mwoze.”

Na sisi kule jikoni tukapiga vigelegele kabla ya wakati wake, tukaonywa tunyamaze, tukapiga tena.